Isaïe Paluku Alijua Kusoma Nota

Papa Jemima, Isaïe wetu, mwaka umetimia tangu utuache, na tulikuwa tumepanga kukuandikia kwa upole. Upole umetushinda. Utusamehe. Na usipotusamehe, sawa tu, maana hata na wewe tuna hasira.

Kwanza tuseme mema yako, kwa kuwa ni mengi na ni ya kweli.

Uliuza chumvi na sabuni sokoni hapa Kisangani miaka ishirini na miwili, na hakuna mteja aliyewahi kusema ulimfokea. Ukiwa na miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu, ukaamua kujifunza piano. Tulicheka. Dada yako Pélagie alipiga simu kutoka Butembo kuuliza kama umerogwa. Wewe ukaendelea kugonga vidole juu ya katoni za sabuni, mkono wa kushoto kwanza, hadi mama mmoja mnunuzi akauliza kama una ugonjwa wa mishipa.

Piano yenyewe ilikuwa ile ya ukumbi wa parokia, iliyoachwa na mapadre wa zamani. Unyevu wa mto ulikuwa umeila. Touche tano, vile vibonyezo vya kupigia, zilikuwa zimekufa kabisa: unabonyeza, husikii kitu. Kila Jumamosi saa nane mchana mlikutana hapo watu saba, hakuna hata mmoja aliyesomea muziki. Sheria yenu ilikuwa moja: anayejua kipande kipya cha muziki wa kale lazima amfundishe mwenzake kabla hajaanza kingine. Wewe ndiye uliyekuwa ukivitafuta. Ulivinakili kwa mkono kutoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mstari kwa mstari, katika daftari la shule. Vals, sonata, preludi: vipande kumi na tisa. Tulilalamika kwamba umeikalia meza na fufu inapoa. Ulisogeza daftari kidogo tu, ukasema, "Muweke sahani hapa, niko karibu kumaliza."

Hayo ndiyo mema. Sasa tuje kwenye kilichotuchoma.

Mwezi wa kumi na mbili, wewe ukiwa umeshatuacha, kikundi chenu kilipewa zawadi ya piano ya umeme, touche zote nzima. Mwalimu René, mkubwa wa kikundi, akaandaa tamasha la Noeli na kutualika sisi wa nyumba yako tukae mstari wa mbele, kwa heshima yako. Tulivaa vizuri. Vals yako ikachezwa kwenye piano mpya, na hata sisi tusiojua kitu tulisikia kwamba mahali fulani inachechemea. René akashika mikrofoni.

"Bon, musishangae," alisema. "Papa Isaïe alikuwa mutu ya roho muzuri, mais nota hakujuaka kusoma. Copie zake ziko na makosa mingi. Tutazitupa zote, tuanze upya."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Mimi Sophie, mke wako, nilikuwa nimekaa pale na watoto wako, na Léon, wetu wa mwisho, akaniuliza, "Mama, papa alikuwa anadanganya batu?" Nilimshika mkono tukatoka.

Tulipofika nyumbani, Jemima alifungua kantini yako, lile sanduku la bati, na kutoa daftari lenyewe, la mkono wako. Ukurasa wa kwanza umeandika: "Bleu: ya piano yetu. Rouge: ya kweli. Siku touche zitatengenezwa, mucheze rouge." Na ndivyo ilivyo kurasa zote. Kila mahali ambapo nota iliangukia touche iliyokufa, uliweka ya bluu inayoweza kulia, na juu yake, kwa biki nyekundu, ukaandika ile yenyewe. Jemima alizilinganisha moja moja na karatasi za chapa, wiki nzima. Alipata kosa moja tu, katika sonata, na hapo pana doa la chai ya Léon.

Basi makosa yalitoka wapi? Yalitoka kwa René. Yeye ndiye wa kwanza kuazima daftari lako. Alilinakili kwa biki moja ya bluu, akaziacha nyekundu zote, na wenzake watano wakapiga fotokopi kwake. Tunayo nakala hiyo. Kwa kuwa amezoea karatasi za shule, chini ya kila ukurasa ameandika "Copie conforme à l'original", yaani nakala iliyo sawa na ya asili, na kutia sahihi. Kurasa thelathini na nne, sahihi thelathini na nne. Mtu aliyetia sahihi kitu asichokisoma alisimama mbele ya parokia nzima kusema wewe ndiye usiyejua kusoma!

Hasira ya pili ni yako mwenyewe. Mama Larissa, yule muuguzi wa kikundi chenu, alikuja kutuambia huku akilia. Uliiona nakala ya René tangu mwanzo. Larissa alipokuhimiza umwambie, ulimjibu: "Umuache. Iko mwalimu, atasikia haya mbele ya banafunzi yake. Nitamuambia pole pole." Hukumwambia. Homa ya siku nne ikakuchukua. Ulimfunika mwenzako aibu, naye akakuvua nguo mbele ya watoto wako. Tenda wema nenda zako, wanasema. Wewe ulikwenda zako. Sisi tulibaki.

Tulimwita René nyumbani. Tukaweka daftari lako upande huu na nakala yake upande ule. Alifunua kurasa mbili tatu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama Jemima," alisema, "nasikia haya. Unipatie hiyo kaye, nitasahihisha pole pole na ba membres. Batu bote basijue."

"Ulimusema mu micro," nikamwambia. "Utamurudishia jina yake mu micro."

Aliondoka bila kugusa maji tuliyompa. Daftari hakupewa.

Jumamosi hii, baada ya misa ya saa nne asubuhi, tunaondoa matanga yako katika ukumbi uleule, nami nitavua nguo nyeusi. Daftari litakuwa wazi mezani, nakala ya René kando yake, ili kila mwenye macho aone. Jemima, ambaye amejifunza tangu siku ile, atacheza vals kwa nota nyekundu. Mikrofoni itakuwa imewashwa. Mwalimu René, kama unasoma tangazo hili la kumbukumbu, njoo. Usipokuja, zile sahihi zako zitasomwa bila wewe.

Tunajua, Papa Jemima, kwamba ungekuwa hai ungetuomba tumwache. Ndiyo maana hatukukuuliza.

Sisi tunaokukumbuka: mke wako Sophie Kavira, watoto wako Jemima, Clovis na Léon, dada yako Pélagie na ndugu wote wa Butembo, na Mama Larissa, ambaye ameomba jina lake liandikwe hapa.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Tunakupenda pamoja na hasira zetu zote.