Jicho Jekundu la Nafula

Jumamosi, 11 Juni 1988
Wewe mwanamke, tangu mahindi yapandwe hujashika kalamu. Gumbaru, ile shule ya watu wazima, ulienda kujifunza kuandika ya nini? Aibu.
Haya. Ng'ombe nimekamua. Nafula amekuja kutoka Kitale, mjukuu niliyemlea tangu aachishwe kunyonya. Sasa anaishi kwa mama ya mamake, ati huko kuna mwalimu wa mbio. Jicho la kushoto limejaa damu. Anasema haliumi, hakuna aliyemgusa. Siamini.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Nafula ni bibi yake mwingine tu mdomoni: Kukhu wa Kitale anapika hivi, Kukhu wa Kitale anasema vile. Kukhu ni mimi! Yule amempiga mtoto. Kama hakumpiga, basi mbio zinamuua. Vyovyote, atarudi kwangu Kamukuywa.
Nilipoona ile damu nilifurahi. Nimeandika. Sifuti.

Jumanne, 14 Juni
Kitale na Nafula. Nilikula viazi vyangu njiani, nisiguse chakula cha mkwe mwenzangu. Kwetu ukikataa chakula cha mkwe, umevunja ukoo. Ndivyo nilitaka.
Nikamwambia wazi, "Umempiga mtoto wangu."
"Twende kwa daktari kwanza, mama. Halafu unitukane vizuri."
Daktari akamulika jicho, akamuuliza Nafula anafanya mazoezi gani. Kukimbia mlimani, halafu kuinua magogo.
"Ukiinua unabana pumzi?"
Nafula akakubali. Kumbe ni hiyo. Mishipa ya damu ya jicho ni myembamba kuliko uzi. Ukijikaza bila kupumua, damu inasukuma, mmoja unapasuka. Hatapofuka. Itaisha yenyewe.
Nikauliza, "Si aache mbio?"
Akacheka. Ati mbio zinaisaidia hiyo mishipa, damu inapita vizuri. Apumue tu akiinua.
Nilitaka kumchapa huyo daktari.

Jumatano, 15 Juni
Mkwe alichinja kuku. Firigisi, ile ya mgeni mkubwa, ya wanaume, akaiweka kwa sahani yangu. Mimi niliyemwita mpiga watoto! Nikaiangalia mpaka ikapoa.
Nafula akaninong'oneza, "Kukhu, kula bana. Ukikataa, mimi nitakuwa wa nani?"
Nikala. Ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumapili, 19 Juni
Nyumbani peke yangu. Ugali wa mtu mmoja haupendezi kusonga. Mvua imenyesha kidogo. Nafula amebaki Kitale, na ni mimi niliyesema abaki. Wivu haujaisha.
Kabla ya kushika kalamu tena, nenda ukalione hilo jicho. Beba jogoo. Awe mnene kuliko kuku wa mkwe.