Kidole Changu kwenye Laini Yako

Tandika, Temeke
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu Mbwana anaamka, au usingizi unanichukua mie kabla yake, na kusema kweli kuna siku niliiweka kalamu chini kwa makusudi, sikujua nianzie wapi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepungua kuvimba, na mpunga wa bondeni haukuchukuliwa na maji mwaka huu. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe taratibu, kama mlivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Usimpe mtu akusomee. Sie huku hatujambo. Mjukuu wako Mbwana ameota meno ya juu, anang'ata kila kitu. Juzi kamng'ata jirani yangu Recho begani, Recho akasema huyu Mpogoro kweli, haombi nyama mara mbili. Baba yake bado yuko Mafinga kwenye mbao, anatuma anapopata.

Mama, nyumba tuliyopanga imeuzwa. Aliyeinunua anataka kuivunja ajenge fremu za maduka. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu, na ili tusijisahau keshang'oa mlango wa choo. Tunajisitiri kwa khanga, mmoja anaingia mwingine anashika. Wapangaji wengine wamehama, tumebaki mie na Recho.

Dalali alinipeleka Kinondoni kwa mama mmoja mwenye asili ya Kiarabu, Bi Ibtisam. Chumba kizuri, maji yapo uani, na kutoka pale naweza kwenda kazini Mikocheni kwa miguu, maana bado niko kiwandani nafungasha viungo. Yule mama alimpenda Mbwana, akampakata, akamwita bwana harusi. Ila kodi akataka ya miezi sita kwa mpigo, kama ilivyo mji mzima. Nikasema sawa, nitakopa. Sijawahi kukopa popote, niliona hilo ndilo litakalonibeba.

Nikaenda kwenye ofisi ya mikopo hapa Temeke. Nilipiga pasi blauzi, nikachukua na barua ya kazini. Kijana aliyenihudumia anaitwa Benedikto, mpole, hana makuu. Ile barua hata hakuifungua. Alitaka namba ya kitambulisho changu cha taifa na saini yangu ya kumruhusu kuangalia, akabonyeza, akatazama kioo, kisha akaniuliza kama nina mkopo mahali. Nikamwapia kuwa sina. Akakigeuza kioo nione mwenyewe. Mikopo minne, yote ya simu. Mitatu imelipwa kwa kuchelewa, wa nne haujalipwa na umeshapita miezi.

Nilibisha, mama, mpaka watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona. Benedikto hakukasirika. Alinieleza kwamba siku hizi benki na kampuni zinazokopesha, hata hizi za kwenye simu, zinapeleka habari za mkopaji mahali pamoja. Aliyelipa anaandikwa, aliyechelewa anaandikwa, na anayetaka kukukopesha anaangalia humo kwanza. Nikamwambia kwetu mtu akitaka kukopa anaulizwa ni mtoto wa nani. Akacheka, akasema hata wao wanauliza, ila wanaiuliza namba, na namba haina haya. Nikamuuliza nikilipa leo jina litafutika? Akasema litaandikwa nimelipa, lakini kule kuchelewa nako kutabaki, muda si mfupi.

Ndipo akaniuliza kama nimewahi kumsajilia mtu laini. Nikasema hapana, mie nina laini moja tu. Akanisomea namba iliyokopa. Hakuimaliza. Ni namba yako, mama.

Nikaikumbuka ile siku pale sokoni, yule binti wa kusajili na mashine yake. Ulikipangusa kidole kwenye khanga, ukabonyeza, ikakataa. Ukajaribu cha pili, ukajaribu gumba, vyote vikakataa, maana palizi na jembe vimekufuta alama zote. Yule binti akasema bibi huna vidole wewe, watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mie sikupenda. Nikasema weka changu, kwani kuna tofauti gani, mama na mwana. Ukaondoka na laini umeifunga kwenye pindo la khanga, na mie nikasahau kabisa kama nimewahi kusajili kitu. Benedikto kaniambia tofauti ipo. Mwenye kidole ndiye mwenye laini, na mwenye laini ndiye mkopaji.

Nilirudi na dalali kwa Bi Ibtisam kumwomba nilipe mwezi kwa mwezi. Mwanawe Muhsin ndiye anayeshughulikia nyumba zao, akasema inawezekana, ila siku hizi anayelipa kwa mwezi lazima alete taarifa yake ya mikopo, maana kuna mpangaji aliwatoroka na godoro lao juu. Nikamwuliza kama hawezi kuwauliza watu wa Tandika habari zangu. Akasema watu wa Tandika hawatamlipa kodi. Basi nikaileta. Aliisoma amesimama mlangoni, akasema sista, mie sikuhukumu, lakini kama hela ya simu imekushinda, ya nyumba utaiweza? Bi Ibtisam akasema maskini, na katoto. Akanirudishia mtoto wangu, basi. Tulipofika barabarani dalali kanidai hela yake ya kuonyesha chumba, na matusi juu, eti nina sura ya kuonewa huruma kumbe mdaiwa sugu. Hapo ningeweza kusema deni ni la mama yangu. Sikusema.

Njia ya kulipinga ipo, Benedikto alinionyesha. Niandike malalamiko kwamba aliyekopa si mie, wao wachunguze. Nikamwuliza wakichunguza watamkuta nani. Akaniangalia, akaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangika. Kwa hiyo mama, nikinyamaza mie ndiye mdaiwa, na nikisema nakupeleka wewe mbele yao. Nimeigeuza usiku na mchana sioni upande wa tatu.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Siku mbili sikutaka hata kulitaja jina lako. Halafu nikaitazama tena ile taarifa, nikaona tarehe ya mkopo wa kwanza. Ni wiki ile niliyolazwa kwa upasuaji wa kumzaa Mbwana, na kiasi ni kilekile ulichonitumia. Uliniambia umeuza mpunga. Nami nikaamini, ingawa Mpogoro gani anauza mpunga mwezi ule, wakati ghala zote zimekauka? Sikutaka kujiuliza, nilikuwa na haja. Basi hasira nikaimeza. Ule wa kwanza ni wangu, na Mungu akulipe.

Lakini ile mitatu iliyofuata si yangu. Mfaume kanieleza kidogo, usimgombeze mdogo wangu, nilimbana. Anasema kampuni ilipoona umelipa ikakuongezea kiwango, majirani wakapata habari, wakawa wanakuja na shida zao kama wanaokuja kisimani, na wewe huna neno hapana. Wengine wakarudisha, wengine mpaka leo ukiwapita njiani wanakusalimia kwa heshima nyingi. Nakujua mama. Ulidhani unakopa kwa jina lako.

Sasa nikwambie lililonizuia kuandika. Simu yako haijaharibika. Mfaume anasema umeipeleka kwa fundi mara mbili, amekula hela yako bure. Laini nimeifunga mie. Nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu, nikaweka kidole kilekile, nikawaambia waifunge, na vijisenti vilivyokuwemo nimeviingiza kwenye deni. Benedikto alisema ikibaki wazi itakopa tena, na nilijua itakopa, kwa sababu kuna mtu atakuja kwako mtoto wake anaumwa. Nimekukata usinisikie, usimsikie mjukuu wako. Sikutaka uambiwe haya kwa simu ya Mfaume umesimama mbele za watu. Nisamehe kwa kukuacha gizani, lakini sitaifungua.

Deni nimeanza kulilipa kidogokidogo kutoka kwenye mshahara. Chumba cha Bi Ibtisam kimepata mtu mwingine. Recho amepata kachumba kake huko Yombo, kamoja tu, na ana mume na watoto wawili, lakini amesema nitandike mkeka upande wa jiko mpaka Mungu afungue. Ijumaa tunahamia huko.

Msalimie Mfaume, msalimie shangazi, na majirani wote, hata hao. Mbwana anakushika miguu.

Barua hii naipeleka Mbezi kwa Mwinshehe, yule kondakta wa basi la Ifakara, naye ndiye utakayempa vitu. Naomba unitumie simu yenyewe na chaja yake, ujumbe usifute hata mmoja. Barua ya mtendaji wa kijiji na kile cheti chako cha kliniki cha zamani, nikaulizie huku namna mtu asiye na alama za vidole anavyopata kitambulisho chake mwenyewe, upate laini iliyo yako. Mchele kiasi utakachoweza, nisiingie kwa Recho mikono mitupu. Mbeleko ile nzito, sakafu ya Yombo ina baridi. Na kwa mkono wako mwenyewe, hata ikikuchukua wiki, niandikie majina ya wote uliowakopea na kila mmoja alichochukua, nimtume Mfaume akawadai mlango kwa mlango. Usimfiche mtu kwa kumwonea haya. Langu usiliandike, nalijua.

Mwanao akupendaye,
Sikudhani