Tumbo la Minza

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge, chai, cherehani. Uso umejaa tena. Jua lilipoingia kibarazani nikahamia ndani; lupus, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, haipendi jua. Mama kapiga simu kutoka Didia. Mdogo wangu Minza ana mimba. Ameolewa juzi tu. Nikasema hongera, nikakata simu.
Nina wivu. Niandike hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama haji Kahama mwezi huu. Minza anatapika, anahitaji mtu. Mimi je? Mwaka jana nilitundikiwa dripu Mwanza, wodi moja na wagonjwa wa saratani, kwa kuwa dawa ni ileile. Huku mtaani kwetu Nyasubi majirani wakavumisha nina saratani. Zilikuwa figo, lupus imezishambulia. Daktari hakunificha: dawa inaokoa figo, lakini inaweza kuharibu mayai ya uzazi, na miaka mingi mbele ikaleta saratani ya kibofu.
“Ukiona damu kwenye mkojo, usikae nayo nyumbani.”
Nikakubali. Minza hajawahi kuulizwa swali kama hilo.

Jumapili, 16 Machi
Minza kaja na mumewe. Tumbo halijaonekana ila analishikashika. Mume wangu Shija yuko nyumbani, amepumzika kazi ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Geita. Kamchekea Minza hadi jino la mwisho. Kwangu hacheki hivyo siku hizi. Tukala. Wao mboga ya chumvi, mimi kibakuli changu kisicho na chumvi pembeni. Nilimchukia mdogo wangu.

Jumatano, 19 Machi
Vidonge nilivyohamishiwa baada ya dripu haviendi na mimba, vinamlemaza mtoto tumboni. Daktari anasema figo zitulie kwanza, tutabadilisha dawa, ndipo nijaribu. Nimechoka na hiyo ndipo.
Leo sijameza.

Jumanne, 1 Aprili
Bado simezi. Shija karudi Geita, hajui. Najisikia mwepesi. Labda mimba imeshaingia.

Ijumaa, 11 Aprili
Mkojo una povu tangu juzi. Miguu haiingii viatuni. Leo mkojo mwekundu.
Damu. Nikajua ni kibofu, ndiyo saratani yenyewe. Sikulia. Niliwaza Mama akinililia huku kambeba mtoto wa Minza mgongoni. Nikaona wivu hata kwenye msiba wangu.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimempigia Mama, akapokea Minza, alikuwa amekwenda kumtembelea. Nikajikuta nimemwambia yeye. Mchana alikuwa mlangoni kwangu, vumbi mpaka magotini.
“Dada Kabula, vidonge viko wapi?”
Nikampa kopo. Akalitikisa. Limejaa.
“Kwa nini?”
“Kwa sababu yako.”
Akakaa kitandani, akavua kandambili, akazivaa tena.
“Basi utanichukia tukiwa njiani. Funga mzigo, twende Mwanza.”

Jumatano, 16 Aprili
Wamepitisha kamera kwenye kibofu. Inauma, sitaki kuieleza. Kibofu kizima. Damu inatoka kwenye figo, lupus imeamka kwa kuacha dawa. Daktari hakunikaripia. Alieleza tu kwamba kilichokufa kwenye figo hakirudi, tupiganie kilichobaki. Mimba isahauliwe kwa sasa.
Nesi kamtafutia Minza kiti kwa kuwa ni mjamzito. Nikaonea wivu kiti cha plastiki, mimi niliyelala kitandani.
Shija kafika jioni na unga wa karasha kwenye nywele. Nikamwambia yote. Akatoka nje. Alirudi macho mekundu, akaketi miguuni pangu, akaanza kuikanda.

Jumapili, 4 Mei
Nyumbani. Nameza. Dozi imepanda, uso umekuwa duara kamili. Mama amekuja, anapika bila chumvi na wote wanakula hichohicho. Analala chumbani kwangu. Nilimtaka hivi, lakini si kwa bei hii.

Alhamisi, 26 Juni
Protini kwenye mkojo imeshuka kidogo. Daktari hakuahidi kitu.
Minza kapita akitoka kliniki. Tumekaa upande wenye kivuli, akasinzia begani kwangu, mzito kama gunia. Gauni likasogea tumboni, mara moja, kisha tena. Nilitazama tu. Wivu ulikuwepo, umekaa palepale.
Baadaye nikaweka mkono. Hakuamka.