Mlevi na Kikohozi Mlimani

Jumatatu, Machi 3

Leo ni mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani. Mgongo unajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Baada ya chai Injinia katuita mbele ya kontena lake. Kampuni imeamua: kambi inabaki na pikapu moja. Moja tu! Nyingine inarudi mjini Jumamosi, na dereva wake anarudi nayo—si likizo, ndiyo basi tena. Mimi likizo yangu ni Jumamosi hiyohiyo, na nimeambiwa nipande humohumo. Kwa hiyo nitakwenda nyumbani kwa gari lililoshindwa, nimekaa ubavuni mwa mtu aliyepoteza kazi. Safari ya furaha hiyo!

Kazi yetu ni hii. Pikapu zinavuta trela za maji mpaka juu mlimani kwenye mashine ya kusaga mawe, zinashuka na trela za kokoto za barabara. Mimi ni kuli wa Mlevi. Napakia, napakua, nafunga turubai, nameza vumbi.

Mlevi ni ya petroli, silinda nane. Tuliiita hivyo kwa sababu haiwezi kupita pampu bila kusimama. Ya pili ni ya dizeli, silinda sita, jina lake Kikohozi. Kila asubuhi inakohoa mpaka mpishi anaamka. Ni magari makubwa yote mawili, kiti cha mbele wanakaa watu watatu na bado wanagombana kwa nafasi.

Mlevi anaendeshwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyenitafutia kibarua hiki. Kikohozi ni ya Dada Gia, mwanamke mfupi anayekalia mto ili aone barabara. Ana watoto wawili kwa mama yake. Mmoja wa madereva hawa wawili Jumamosi hana kazi.

Injinia alisema hana haja ya kujua nani anapendwa. Mzigo uleule, njia ileile. Matangi yajazwe pomoni kabla ya safari, yajazwe pomoni baada yake. Kilichoongezwa ndicho kilichonywewa. Kisha ataangalia nani alipanda mlima vizuri. Mpishi akapaza sauti kwamba yeye yuko upande wa Mlevi, walevi hawaachani. Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Dada Gia naye alikuwa anafuta kioo kilichokuwa kisafi tayari.

Jumanne, Machi 4

Nimechoka lakini lazima niandike haya.

Tulipangwa kila gari libebe mtu wa upande wa pili, awe shahidi. Mimi nikapanda Kikohozi.

Kupanda: Kikohozi hana mbio. Ananguruma chini kwa chini kama mtu anayejisemea, anavuta tu. Trela imejaa maji na wala hatetemeki. Katikati ya mlima Shemeji akatupita. Mlevi analia kama kiwanda, vumbi tupu, na Shemeji katutolea ulimi dirishani! Dada Gia akatikisa kichwa. Akasema Mlevi nguvu za farasi anazo, tatizo farasi wote wana kiu.

Kushuka na kokoto alitia gia ya pili, hakuitoa mpaka chini. Injini ndiyo iliyokuwa inalizuia gari. Nilimuuliza kwa nini asitoe gia, ashuke kwa fri, gari liteleze kwa uzito wake na dizeli ibaki. Alinitazama kama nimemkanyagia mtoto.

"Kaka, ukitoa gia umebaki na breki peke yake. Na mzigo huu breki zikichoka haziagi."

Tulipofika Kona ya Kiatu akapiga honi. Hupiga kila safari. Pale kuna nguzo, na juu yake kiatu kimoja cha kazi, kimekauka kwa jua. Kilikuwepo kabla hatujaja. Hakuna anayejua cha nani, na hakuna anayekigusa.

Basi chini. Mpishi ndiye aliyepewa kazi ya kujaza, maana hana upande—au ndivyo Injinia anavyoamini. Mlevi kajazwa. Akameza, akameza, akameza. Shemeji kainamisha kichwa. Ikaja zamu ya Kikohozi. Mpishi ana haraka, sufuria yake iko motoni, kafungulia pampu yote. Mara—imejaa! Kidogo namna ile? Injinia alikuwa na simu sikioni, akaandika alichoambiwa.

Ila mimi niliona. Lilikuwa povu. Dizeli ukiimwaga kwa pupa inatoa povu mpaka mdomoni, ukingoja linatulia na tangi linabaki na nafasi. Kila aliyewahi kujaza dizeli anajua. Dada Gia anajua. Nilimwona anatazama pembeni.

Nikasema. Injinia akafungua mfuniko, akachungulia, akaagiza wajaze tena polepole. Ikaingia. Ikaingia nyingine. Mlevi bado amekunywa zaidi, lakini si kwa aibu ile. Injinia kafuta alichoandika. Kasema jaribio limeharibika, Ijumaa linarudiwa, na safari hii atajaza mwenyewe. Kisha akasema neno moja: tofauti ikishuka chini ya hapa, hata kidogo, atachukua Mlevi, kwa sababu mlimani anawahi mno.

Shemeji kanikumbatia mbele ya watu. Dada Gia kapita karibu yangu. "Umesema kweli, kaka." Hakunitazama.

Jumatano, Machi 5

 

Leo kazi ya kawaida. Tumepanda, tumepakia, tunashuka, mimi na Shemeji tu. Tumeanza mteremko, nikaona anasukuma mkono wa gia. Katikati. Akauacha pale. Injini ikanyamaza, ikabaki pumzi tu.

Nikadhani gari limeharibika. Kumbe anatabasamu! Anasema anajifunza. Ijumaa atapanda kwa nguvu zote, na kushuka atashuka bure, petroli haitaguswa. Ile tofauti ndogo ataila yote kwenye mteremko.

Mwanzoni ni raha tupu, unasikia upepo. Kisha trela ikaanza kusukuma. Unaisikia mgongoni, kama umati unaokusukuma mlangoni. Shemeji anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Harufu ikaja, ya kitu kinachoungua, si moshi bado. Nikamwambia tia gia. Anajaribu—gia haikubali, tunakwenda kasi mno, inasaga meno tu. Kona ya Kiatu hiyo mbele yetu. Amekata usukani kwa mikono miwili. Magurudumu ya trela upande mmoja yamepita kwenye changarawe za ukingoni, nimezisikia zikiporomoka. Nilikiona kile kiatu karibu kiasi cha kuona kamba yake.

Tulisimama kule kwenye tambarare. Magurudumu yalikuwa ya moto, huwezi kuweka kiganja karibu. Shemeji akashuka, akakojoa, akarudi anacheka. Kicheko hicho sikipendi.

"Umeona, shemeji? Inawezekana!"

Nikamwambia nusura tufe. Akasema kosa lake ni kuchelewa kubana breki, Ijumaa ataanza mapema. Akaniomba nisimwambie mtu. Hakuniomba kwa ubabe, angeniomba kwa ubabe ningemjibu. Alinishika kola, akainyoosha vizuri kama ananipeleka harusini.

Alhamisi, Machi 6

Mtandao unapatikana juu mlimani tu. Nimempigia mama watoto nikiwa nimekaa juu ya rundo la kokoto. Nilitaka kumwambia habari ya fri. Yeye akaniwahi. Kaka yake kashamweleza kwamba mimi ndiye niliyemwokoa Jumanne. Anashukuru, analia, anacheka. Anasema mama mkwe siku hizi hatoki kitandani bila kushikwa, na anayemtunza ni kaka, sote tunajua. Ijumaa nisimame naye tena.

"Usimwangushe kaka yangu, baba watoto."

Nikabaki natazama kule chini, barabara imejikunja kama utumbo. Usimwangushe! Nikasema sawa. 

Mchana nimembana Shemeji nyuma ya stoo. Nimemwambia ashuke na gia ya pili, akishindwa ashindwe, tutarudi wote nyumbani tukiwa na miguu yetu. Akanijibu taratibu: Jumanne alikuwa ameshakubali kushindwa. Alikuwa ameshaanza kupanga atasema nini nyumbani. Mimi ndiye niliyefungua mdomo, nikampa matumaini. Sasa nimekuja kumnyang'anya?

 

Nimekwenda mpaka mlango wa Injinia. Nikamwambia shemeji yangu ataua mtu, afukuzwe leo leo. Hayo nimeyasema moyoni. Kwa mdomo nimesema: bwana, toa amri kesho wote washuke na gia ya pili. Akaacha kalamu. Kwani kuna dereva anayeshuka vingine na trela? Nikasema hapana, bwana, ni tahadhari tu.  Akasema vema, atatangaza.

 Sijasema uongo wote, sijasema ukweli wote. Naona nimewakosea watu wote kwa pamoja.

Ijumaa, Machi 7

Naandikia kwenye goti, juu mlimani. Turubai limeshafungwa. Shemeji anazunguka anakaza kamba.

Asubuhi Injinia katangaza: gia ya pili kutoka juu mpaka chini, atakayevunja ameshindwa. Shemeji kaitikia vizuri kuliko wote. Ndiyo, bwana. Lakini jicho lake lilikuwa kwangu.

Kisha nikajua shahidi wake ni nani. Kuli wa Kikohozi anaumwa tumbo, kwa hiyo mpishi ndiye atakayepanda Mlevi. Mpishi! Kavaa shati safi, anasema tangu aje kambini hajawahi kuona juu ya mlima. Nikamuuliza anajua gia ya pili inakaa wapi. Akasema yeye anajua vifuniko na sufuria, na gari likilia vibaya ataonja chumvi.

Nikaenda kwa Injinia tena. Nikaomba mimi pia nipande Mlevi, mpishi hajui gia. Shemeji akaruka juu: shemeji, unaniongezea mzigo! Kila kilo inakunywa petroli! Injinia akacheka, akapata dawa. Kaagiza mfuko wa saruji upakiwe Kikohozi mahali pangu, ili uzito uwe sawa. Miezi saba ya kokoto, sasa thamani yangu ni mfuko mmoja. Dada Gia akaupangusa vumbi, akaufunga na mkanda kabisa. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulisikia harufu ya breki, siyo?"

 Akasema na yeye aliisikia juzi, tulipopaki. Angeweza kwenda kusema, ila angeonekana anatafuta ushindi. Akaniambia nikae kiti cha kati.

Ndipo nilipokaa. Tumepanda vizuri ajabu. Mlevi leo ameuona mlima kama tuta. Mpishi alikuwa anapiga makofi. Dada Gia alifika nyuma sana, akapakiwa kwanza kwa sababu trela yake ilikuwa imekaa tayari upande wa mashine. Ameshashuka. Nimesikia honi yake Kona ya Kiatu. Baadaye ya pili, mbali, ndogo kama ya baiskeli. Amefika chini.

Zamu yetu.

Nimempigia mama watoto. Kauliza nitafika lini. Nimesema kesho jioni, kabla hawajafunga mlango. Akauliza nakuja na gari lipi. Nimesema bado halijajulikana. Na kaka? Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Shemeji ameingia. Mpishi yuko dirishani, anaimba. Nimebanwa katikati yao, na goti langu la kulia nimelisogeza mbele ya mkono wa gia. Kawasha. Katia ya pili, ukagusa suruali yangu. Kuitoa tena lazima usukume mbele, na mbele kuna goti.

Ameliona.

"Shemeji, sogeza goti."

Nimemwambia mguu umekufa ganzi.

Anapumua. Mikono yake iko kwenye usukani, imekauka kwa kokoto na petroli, mikono ya mtu wa nyumbani kwetu. Mpishi anauliza tunangoja nini, kwani mlima unahama? 

"Shemeji. Goti."

Bado naandika ili nisimtazame. Gari limeanza kusogea. Gia ya pili bado imo.

Kesho Jumamosi, jioni, nitakuwa nyumbani. Na yeye pia, bila kazi, lakini na miguu yake.