Vidole Vyangu

Tevin, ukuta wetu, sisi tunaomlinda mrushaji kwenye futiboli hii ya Kimarekani, unavuja kwa sababu yangu. Mimi!

Leo kocha kasimamisha video ya mechi ya jana kabla mpira haujaguswa. "Grady, hebu tazama mkono wako, bwana mkubwa."

Tukipanga kukimbia na mpira naegemea mbele juu ya mkono niliouweka chini, vidole vinakuwa vyeupe kwenye nyasi. Tukipanga kurusha, vinabaki na rangi yake. Wapinzani wanasoma vidole vyangu. Vidole, Tevin!

Mechi sita mrushaji wetu anaangushwa kama gunia. Mimi sisikii kitu, hata aibu.

Na Kozlik, jirani yangu kwenye ukuta, tuliyemlaumu sote kwa miguu yake mizito? Alifukuzwa Jumanne. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari. Nikamwambia, "Kaka, rekebisha miguu yako."

Akanishukuru.