Majina ya batu ba Musonoi

Siku ya Yenga, kisha kanisa

Rangi! Naomba batu ba korali banishauri namna ya kutengeneza muzuri site yangu mupya ya internet, na bote banaongea rangi tu.

Site ni ya kutafutana. Batu ba Musonoi, mutaa wetu wa zamani, benye mine ya kuchimba madini ilihamisha, kila mutu aandike jina na kwenye anakaa sasa, majirani ba zamani bamupate. Grégoire, mupiga gitare, anasema niweke muziki. Yaya Béa, mukubwa wetu mu korali, anasema niandike Kifaransa, eti Kiswahili haina sérieux, haina uzito.

"Sawa," nikabauliza. "Na majina yenu?"

Hata mumoja hajajiandika. Nitaitangaza namna gani kama iko tupu? Naogopa najichokesha bure.

Pa kutoka, mama Kapinga, muzee mwenye kuuzisha unga, akanishika mukono.

"Mwana, rafiki yangu Ngalula iko mu site yako? Tulikaa naye parcelle moja, kiwanja kimoja."

"Hapana, mama. Bado hajajiandika."

"Basi andika mi kwanza. Sema nauzisha unga karibu na gare ya train, na goti lingali linaniuma. Atajua ni mi."

Nimeandika yote, na goti ndani.