Wakulima Thelathini na Feni ya Kukaushia Gam

Nyumba ya Bati la Kijani,
Nyuma ya Ghala la Ushirika,
Sangju, Korea Kusini.
9 Juni

Mpendwa mwanangu Jun-seop,

Pokea salamu za baba yako mdogo, mtu ambaye siku hizi wakubwa wa Daegu hawaanzi kikao mpaka wamemwona ameketi. Sipendi kujikweza, unanijua, lakini juma lililopita mkurugenzi mzima alinisogezea kiti kwa mikono yake miwili, na watu kumi na mmoja wakatulia kimya kunitazama nikinywa maji.

U hali gani huko Santiago? Nasikia kwenu sasa ndiyo baridi inaingia, jambo ambalo mpaka leo naliona kama utani. Mkeo Hye-won mgongo umetulia? Na yule mdogo ameshaanza kusimama? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kidogo, ila ni lile ambalo daktari alisema hajawahi kuona goti la aina yake. Mama yako amevuna vitunguu saumu hadi amekosa pa kuviweka. Baba yako yupo, na ukimya wake uleule.

Sasa nikupe yaliyonijaa kifuani, maana nimekasirika, mwanangu, nimekasirika hadi wali haushuki.

Unajua vuli iliyopita joto na ukungu viliozesha gam, haya matunda yetu matamu ya kukausha, Sangju nzima. Watu walimenya matunda, wakayatundika kwenye kamba bandani yakauke kama kila mwaka, halafu yakaota ukungu wa kijani wakiyatazama. Baba yako alitupa nusu. Amesema, na unajua hasemi jambo mara mbili, kwamba yakioza tena mwaka huu ataikata miti yote na shamba atampa mtu wa paneli za jua. Miti ile alipanda babu yako kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo Oktoba ikifika bila dawa, kwisha.

Dawa ninayo. Ni feni yangu, ile inayonusa unyevu na kuanza kuzunguka yenyewe bila kuguswa. Nakwambia inanusa mvua ikiwa bado iko China. Ila feni moja haiokoi Sangju. Zinatakiwa feni hamsini, na kiwanda cha kuzitengeneza, na ndiyo sababu mwezi Machi nilikwenda kuomba nafasi katika Kituo cha Mbegu ya Kesho kule Daegu. Hapo wanachukua watu wenye biashara changa, wanawafundisha miezi minne, na wanaobaki mwisho wanaunganishwa na viwanda na matajiri.

Tuliomba watu mia mbili na kumi na wanne. Walitakiwa kumi na wawili. Karibu wote walikuwa watoto wenye viatu vyeupe. Mimi peke yangu ndiye niliyevaa tai. Unapewa dakika tano mbele ya majaji watano, halafu kengele. Dakika tano! Nilikuwa nimeandaa hotuba ya saa moja na nusu. Kengele ililia bado nasimulia habari za babu yako. Na pale pale feni ikaniangukia jukwaani, ikatawanyika vipande. Nikaiokota, nikaifunga upya huku naongea, ikazunguka. Jaji mmoja alitokwa na machozi. Wapo wanaosema alikuwa na mafua, lakini mimi niliyaona macho yake.

Basi nikachukuliwa. Na hapo ndipo dharau zilipoanza.

Kwanza, pale hakuna mzee wala kijana. Eti ili watu waseme ukweli bila kuogopana, kila mtu anaacha jina lake mlangoni na kuchagua jina la utani. Mtoto wa miaka ishirini na mbili ananiita bila heshima yoyote, kama anaita paka. Nilichagua Jenerali, angalau nipate cheo.

Pili, walezi. Kila mwanafunzi anapewa mlezi wa kumwongoza. Wa kwanza waliyenipa alikuwa bwana mmoja mstaafu wa kampuni kubwa. Alinieleza maisha yake saa mbili nzima, sikupata hata mwanya wa kumweleza yangu, na hilo peke yake lingetosha kumshtaki. Alipomaliza akatoa simu, tukapigwa picha. Kisha akavua koti, akavaa sweta, tukapigwa nyingine. Kisha akahamia kiti cha dirishani, akavaa kofia. Kumbe kila kikao lazima kithibitishwe kwa picha, na yeye alikuwa amevimaliza vikao vyote vitatu asubuhi moja. Alifukuzwa, nashukuru.

Wakaniletea msichana wa miaka thelathini na moja anayejiita Koko, mmoja wa wale majaji watano. Mkavu kama kuni. Siku ya kwanza sikumaliza hata kuifungua feni.

"Jenerali, umewauliza wakulima wangapi?"

"Niwaulize nini? Mimi nimezaliwa chini ya kamba za gam."

"Waulize wanakausha vipi na nini kinawasumbua. Usiwauzie. Funga mdomo, sikiliza, andika. Watu thelathini, fomu hizi hapa."

Nifunge mdomo! Mimi! Nilirudi Sangju siku ileile. Nikaona sitajidhalilisha kugonga milango ya watu kama muuza bima. Nikashusha kitabu cha ukoo, nikatafuta wazee wetu waliolima gam, nikajaza fomu thelathini kwa mwandiko wangu mzuri. Ni kweli wote ni marehemu. Lakini niambie wewe uliyesoma, nani anaijua gam kuliko mtu aliyeilima miaka sitini? Kufa si kosa lao.

Juma lililopita ndipo tulipokaa kikao cha kupunguza watu, kutoka kumi na wawili hadi sita. Ndicho kile ambamo mkurugenzi alinisogezea kiti. Koko akafungua fomu zangu mbele ya wote, akazisoma kimya, moja moja. Nikaona sikio lake linakuwa jekundu.

"Jenerali, huyu Tak Seok-pil ana umri gani?"

"Ni mtu mzima."

"Na Tak Seok-man?"

"Naye ni mtu mzima."

"Tak Seok-ho, Tak Seok-gyun, Tak Seok-chil. Wote thelathini ni Tak Seok kitu fulani. Wakulima wa Sangju walizaliwa siku moja?"

Watoto wakaanza kucheka. Nikasema huo ni ukoo mkubwa, na watu wa kizazi kimoja hutumia silabi moja katika majina yao, kila mtu anajua hilo. Yule binti akaweka kalamu chini.

"Najua. Mimi naitwa Tak Seok-ju. Baba yangu alihama Sangju akiwa mdogo, na kitabu cha ukoo anacho. Hicho ni kizazi changu, Jenerali. Katika kizazi hicho aliye hai Sangju hayupo hata mmoja. Jina lako wewe la kweli nani?"

Nikalitaja. Tak Byeong-du. Akahesabu kwa vidole, mimi nikahesabu kwa vyangu chini ya meza, na tukafika mahali pamoja. Babu yangu na yeye ni kizazi kimoja. Mwanangu, kwa hesabu ya ukoo yule msichana ni bibi yangu! Miezi miwili nilikuwa namwita "wewe binti". Chumba kizima kilikuwa hoi, mmoja alilala juu ya meza kwa kicheko. Nikasimama nikamwinamia, ningefanyaje?

"Kaa, mjukuu," akasema, hata hakutabasamu. "Hatukukuchagua kwa ajili ya feni. Feni za kunusa unyevu ziko nyingi. Tulikuchagua kwa sababu ilivunjika mbele yetu na hukuomba radhi wala kuondoka, uliitengeneza. Mtu wa namna hiyo anafundishika, tulidhani. Nakupa siku kumi na nne. Wakulima thelathini, wanaopumua. Ukikosa hata mmoja, jina lako nalikata mimi mwenyewe."

Mlezi ningebishana naye hadi kesho. Bibi nibishane naye vipi?

Leo ni siku ya kumi. Nimezunguka vijiji kwa baiskeli hadi goti limevimba, na watu wamenichosha kabisa. Wale wa kwanza kumi na mmoja waliniambia neno lilelile, utafikiri walikaa kikao: feni nzuri, lakini unataka itundikwe juu kwenye boriti, na ule unga mweupe unaotoka kwenye gam zikikauka ukiiziba nani atapanda kuisafisha? Sisi tuna miaka sabini na kitu. Bibi mmoja wa Namjang alinipa ngazi akaniambia nipande mimi nimwonyeshe. Nilipanda. Kushuka ndiyo ilikuwa kazi. Ni maneno ya kipumbavu, na nimekaa siku mbili nikiishusha feni hadi usawa wa kiuno. Inafanya kazi vizuri zaidi, jambo ambalo limeniudhi kupita yote.

Wamefika ishirini na tisa. Yule wa thelathini ningeweza kumpata popote, lakini Koko, yaani bibi, amepiga simu kusema anataka fomu ya mtu aliyewahi kuitumia feni hiyo bandani kwake. Yuko mmoja tu duniani, ni baba yako. Nimepita langoni kwake mara nne. Mara ya mwisho mbwa hata hakubweka, alishanizoea.

Msalimie sana Hye-won, na mbusu mdogo mashavu yote mawili. Mwambie shangazi yako Mal-sun, akikupigia simu kutoka Busan, kwamba namkumbuka. Mama yako anasema uvae soksi nzito. Mbingu ziwape afya na kazi isiyoisha, na mrudi tuwaone kabla meno yetu hayajaisha.

Kabla sijatia sahihi. Zile kamba kumi na mbili za gam za dirishani, ambazo baba yako hukuwekea wewe kila mwaka na kukutumia huko, mwaka jana hukuzipata. Alikwambia ni hali ya hewa, na mpaka leo anaamini hivyo. Nusu ya banda ni kweli ilikuwa hali ya hewa. Zako hazikuwa. Feni yangu niliifunga pale dirishani kinyume, ikawa inavuta ukungu wa nje na kuupuliza juu ya gam zako, siku tisa mfululizo, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikiisifu. Kesho asubuhi naenda kumwambia, na fomu naichukua.

Wako akupendaye bila kupungua,
Baba yako mdogo,
Tak Byeong-du